Ukili wangu hupinda kama ndizi: je, mafunzo ya siku mbili yatanifaa?

"Mwalimu, shikamoo. Nina miaka 47, nafanya kazi ya uhasibu Dar es Salaam. Bibi mzaa mama alikuwa msukaji wa mikeka Pemba, na mkeka wake mmoja ninao mpaka leo. Mwaka jana nililipia warsha ya Jumamosi moja ya kusuka ukindu, yaani majani ya mkindu. Tangazo lilisema ni ya watu wazima wa ngazi zote. Tulikuwa kama ishirini. Wenzangu walienda, mimi nikakwama. Ukili wangu, ule utepe uliosukwa ambao hushonwa ukawa mkeka, ulipinda kama ndizi, mwisho mwalimu akaufumua akausuka yeye, nikarudi nyumbani na kipepeo cha kujipepea ambacho sikukisuka mimi. Kipande kimoja cha mkono wangu nilikificha mkobani. Baada ya wiki kilikuwa kimelegea na kujaa matundu. Sasa nimeona tangazo la mafunzo ya siku mbili mfululizo, na jingine la Jumamosi sita, kila moja kwa muda wa saa mbili. Bei zinakaribiana. Mume wangu anasema mikono yangu ni mizito, na samaki hukunjwa angali mbichi. Ndoto yangu ni kusuka mkeka mzima. Nichague lipi, au niachane nalo? Halafu usiku wa siku ile vidole vilikufa ganzi mpaka nikaamka. Ni kawaida?"

Marahaba, mdogo wangu. Umenifungia mambo matatu kwenye fundo moja: kozi ipi uchague, kama mikono yako inafundishika, na hiyo ganzi. Nitaanza na kile kipande ulichokificha mkobani. Nafurahi sana hukukitupa, maana ndicho ushahidi pekee tulio nao, na kwa jinsi ulivyokieleza sioni mikono mizito hata kidogo. Naona makosa mawili ya kawaida kabisa, ambayo ungeelezwa siku ile ile ungelala na amani.

Tuanze na kupinda. Chane za ukili, yaani majani yaliyochanwa vipande vyembamba, hukwenda mshazari. Ile iliyo pembeni kulia hukunjwa ikageuzwa ndani, ikapita juu ya moja, chini ya moja, mpaka ikutane na wenzake wa kushoto. Kisha ya pembeni kushoto nayo hukunjwa vivyo hivyo. Kwa hiyo kila ukingo hujengwa na mikunjo ya mkono ulio upande wake. Mtu anayetumia zaidi mkono wa kulia huvuta mkunjo wa kulia kwa nguvu kuliko wa kushoto, na yeye mwenyewe hajui. Kila mkunjo uliokazwa unaufupisha ukingo ule kwa kiasi cha unywele. Mikunjo mingi baadaye nywele zile zimekuwa upana wa kidole, na ukili hauna pa kwenda isipokuwa kupinda kuelekea upande uliokazwa. Kitoe kipande chako ukitazame. Kama kimepinda kuelekea mkono wako wa nguvu, jibu umelipata.

Dawa yake ni ndogo. Kila ukimaliza shubiri moja, laza ukili kwenye mstari wa vigae vya sakafu. Ukiona unaanza kuuacha mstari, usifumue. Legeza mkono wa nguvu, na kwa mikunjo kumi inayofuata ubane ule mkunjo wa upande dhaifu kwa kidole gumba kabla ya kuuachia. Ukili utarudi wenyewe polepole. Kama ukingo unakuwa wa mawimbi badala ya kupinda upande mmoja, tatizo ni chane zenye upana tofauti: zichambue kabla ya kuanza, nyembamba fungu lake, pana fungu lake.

Matundu yana habari nyingine, nayo ni habari ya maji. Ukindu uliokaushwa juani ukiukunja mkavu unakatika, ndiyo maana tunaulainisha kwa maji. Lakini jani likinywa maji huvimba, na huvimba upana kuliko urefu. Ukisuka likiwa limelowa chepechepe, chane hubanana vizuri na macho yanafurahi. Baada ya siku chache maji yamekwisha, kila chane imesinyaa upana wake, na pale palipobanana pamebaki nafasi. Ukili ukilegea namna hiyo, si mkono wako uliolegea. Ni jani lililopungua.

Kwenye warsha ya siku moja ukindu mara nyingi hukaa kwenye beseni la maji tangu asubuhi, kwa sababu watu ishirini wakikatikiwa na chane kila dakika darasa haliendi. Simlaumu mwalimu kwa hilo. Nyumbani lakini fanya hivi: chovya chane, zikung'ute, uzifunge ndani ya kanga iliyoloweshwa ikakamuliwa, uziache kama nusu saa, halafu utoe chache chache. Ukizishika ziwe laini na za baridi, zisikuachie maji kwenye vidole. Ukili ukiisha kusukwa, uanike kivulini ukauke, kisha uzisukume chane zisogeleane kabla hujaanza kushona. Na usiukunje ukauweka na unyevu wake, utaota ukungu.

Jambo linaloniuma katika barua yako ni kule kufumuliwa. Mimi nimefundisha watu wazima kwa miaka mingi, na miaka ya mwanzo nilikuwa nafanya hivyo hivyo: saa imekwenda, mwanafunzi amekwama, namnyang'anya kazi, namkabidhi kitu kizuri aende nacho. Nilidhani nampa furaha. Mama mmoja mtu mzima ndiye aliyenirudi, kwa upole, akasema, "Mwalimu, hiki ni chako, nipe kile kibaya changu." Tangu siku hiyo sigusi kazi ya mwanafunzi bila ruhusa. Nikitaka kuonyesha nachukua chane zangu, nakaa ubavuni pake, nasuka zangu naye anasuka zake. Na nasema ubavuni kwa makusudi. Mwalimu akikaa kukukabili, kulia kwake ni kushoto kwako, na akili yako inafanya kazi mbili: kugeuza picha na kujifunza. Kama ulijifunza umekaa mbele ya mwalimu aliyekukabili, na watu ishirini wamekuzunguka, hilo peke yake linatosha kumkwamisha mtu mwenye mikono myepesi kabisa.

Sasa hiyo methali ya samaki. Mwambie shemeji yangu kwamba ukindu nao huanikwa ukakauka, ukakaa hata miezi, na ukiloweshwa unakunjika. Mtu mzima anajifunza kazi ya mikono. Huchelewa kidogo kuliko binti wa miaka kumi, na mara nyingi sababu si vidole. Ni macho. Umesema una miaka 47. Lenzi ya jicho huzidi kuwa ngumu kadiri umri unavyosonga, na kuanzia miaka 40 hivi wengi wetu hatuoni tena vizuri kitu kilicho karibu. Jiulize: je, unasogeza simu mbali ili usome ujumbe? Kutunga uzi kwenye sindano kunakuchukua muda kuliko zamani? Kama ndiyo, basi siku ile ulikuwa unatafuta "juu ya moja, chini ya moja" kwenye ukungu, na wenzako wa miaka thelathini walikuwa wanaona kila chane.

Mwaka 2018 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanywa Assam, India, kwa wachuma chai wenye miaka 40 na kuendelea. Waliopewa miwani ya kuonea karibu waliongeza kiasi walichochuma kwa siku kwa zaidi ya asilimia 20 kuwapita wenzao ambao hawakupewa. Mikono ilikuwa ile ile. Kwa hiyo kabla ya kulipia kozi yoyote, nenda kliniki ya macho ukapimwe. Usiishie kununua miwani ya barabarani, kwa sababu huko kliniki watakupima na presha ya macho, ambayo haina maumivu na huharibu kimyakimya. Siku ya kusuka, kaa mahali ambapo mwanga wa dirisha unatokea pembeni, na kama ukindu haujatiwa rangi, tandika kanga yenye rangi nzito mapajani ili chane zionekane.

Tuje kwenye chaguo lako. Siku mbili mfululizo au Jumamosi sita?

Wapo watafiti wawili, Baddeley na Longman, waliochapisha mwaka 1978 jaribio walilofanya kwa wafanyakazi wa posta ya Uingereza waliokuwa wakifundishwa kupiga chapa. Kundi moja lilifanya mazoezi saa moja tu kwa siku. Jingine lilifanya vipindi viwili kwa siku, kila kimoja cha saa mbili. Ukihesabu jumla ya saa walizotumia, wale wa saa moja kwa siku walizijua herufi kwa saa chache kuliko wenzao. Jambo linalonigusa mimi kama mwalimu ni hili: hao hao waliojifunza vizuri zaidi ndio walioridhika kidogo kuliko wenzao na utaratibu wao, kwa kuwa walihesabu siku, wakaona wenzao wanawapita. Mkono hujifunza ukiwa kazini, lakini huweka akiba ukiwa umepumzika, hasa usingizini. Ukiulazimisha saa sita bila kuacha, saa mbili za mwisho unasuka uchovu.

Ndiyo maana siku mbili mfululizo huleta raha kubwa na akiba ndogo. Unatoka Jumapili jioni unasuka vizuri, unarudi Jumapili inayofuata hukumbuki unaanzaje. Hata hivyo siwezi kukwambia ni hasara. Siku mbili zinafaa kama mwalimu ametoka mbali na hutampata tena, kama unataka kuonja tu, au kama nyumbani hakuna nafasi ya kutulia. Kuna watu wanahitaji kusukumwa mpaka wamalize kitu kimoja ndipo waamini kwamba wanaweza, na kwao siku mbili ni dawa.

Kwako wewe, mwenye ndoto ya mkeka, nachagua Jumamosi sita. Lakini kwa sharti moja, na bila sharti hilo usilipe: kati ya Jumamosi na Jumamosi usuke nyumbani, dakika ishirini, siku nne au tano za wiki. Wiki nzima bila kugusa chane inafuta sehemu kubwa ya ulichopata, na kila Jumamosi utaanza upya. Waulize waandaaji kama wanakuruhusu kubeba chane nyumbani. Wakisema vifaa vinabaki darasani, kozi ile imepoteza nusu ya thamani yake, na hapo afadhali siku mbili.

Kuhusu "ngazi zote", usiliogope neno hilo, ila lihoji. Kuchanganya wazoefu na wanaoanza ndiyo njia yetu ya asili. Uani kwa bibi yako hapakuwa na darasa la kwanza na la pili. Mtoto alichambua chane, binti akasuka ukili mwembamba, mama akaanzisha, na mtu mzima akashona mkeka, wote kwenye jamvi moja, na kila mmoja akimtazama aliye hatua moja mbele yake. Hilo hufanya kazi kwa sababu kila mtu alikuwa na kazi ya kiasi chake. Darasa ambalo watu ishirini wa ngazi tofauti wanapewa kipepeo kimoja kwa wakati mmoja na muda mmoja wa kumaliza limechukua jina tu la ngazi zote. Uliza: mwanafunzi wa mwanzo anapewa kazi gani, na aliyekwisha kusuka anapewa ipi? Mwalimu mmoja ana wanafunzi wangapi? Mimi nikiwa peke yangu sizidishi wanane, kwa sababu mwanzo wa ukili lazima niushike mkono wa kila mmoja, kwa ruhusa yake. Na nani anayeanzisha ukili? Kama wanakukabidhi ulioanzishwa tayari, omba wakufundishe kuanzisha kabla kozi haijaisha. Ndipo wengi wanapokwama wakiwa nyumbani.

Mkeka mzima sitakuficha. Chukua mkeka wa urefu wa mita 2 na upana wa mita 1.2, na ukili wenye upana wa sentimita 5. Hapo unahitaji vipande 24 vya ukili, kila kimoja mita 2, yaani mita 48, ambazo kwa hesabu ya wazee wetu ya pima, yaani urefu wa mikono miwili iliyonyooshwa, kama mita 1.8, ni karibu pima 27. Mwanafunzi wangu wa kawaida, akiwa amesuka kwa miezi miwili mitatu bila kukatiza, hufikia pima moja kwa jioni mbili. Hiyo ni jioni 54 za kusuka peke yake. Kushona bado, na kushona ni kazi yake nyingine kabisa. Hakuna mafunzo ya siku mbili wala ya Jumamosi sita yatakayokupa mkeka, na anayekuahidi hivyo hakwambii kweli. Kozi itakupa mikono. Mkeka utausuka sebuleni kwako, mwaka ujao inshallah, ukili mmoja baada ya mwingine umeviringishwa kama sahani.

Kwa hiyo jiwekee vituo. Kipepeo kwanza, na safari hii kiwe chako hata kikipinda. Kisha kikapu kidogo, ambacho ukili wake hushonwa kwa kuzungushwa kuanzia kitakoni. Kikapu kinasamehe, kwa sababu ukili uliopinda kidogo unafuata mzunguko bila tabu. Halafu mswala, ambao ni mkeka mdogo wenye kazi zote za mkeka mkubwa. Mkeka mkubwa uje baada ya hapo.

Vidole kufa ganzi usiku naomba usilichukulie kijuujuu. Kwenye kifundo cha mkono kuna njia nyembamba inayopitisha neva pamoja na kano za vidole. Ukikaa saa nyingi umekunja kifundo huku unabana chane, njia ile hubanwa na neva inalalamika. Dalili zake ni ganzi au kuchomachoma kwenye kidole gumba, cha shahada na cha kati, na huzidi usiku. Wewe tena unashinda kwenye kompyuta, kwa hiyo mkono umeshachoka kabla hujashika ukindu. Kama ilikuwa usiku mmoja ikapita, basi pumzisha mkono kila baada ya dakika ishirini, nyoosha vidole, na ukili uuweke juu ya mto mapajani ili kifundo kikae kimenyooka. Lakini kama bado inakuamsha, kama unaangusha vikombe, au nyama ya chini ya kidole gumba inaonekana kupungua, nenda hospitali mapema. Neva iliyobanwa muda mrefu huchelewa kupona. Na kama ganzi iko miguuni pia, au una kiu isiyoisha na unakojoa mara kwa mara, pima sukari. Haya mimi siwezi kukutibu kwa maandishi, wala mwalimu wa warsha hawezi.

Kuna jambo jingine ambalo maandishi hayafiki, nalo ni kushona. Namna ya kupitisha shazia, ile sindano kubwa ya kushonea mikeka, ndani ya kingo mbili ili mshono usionekane, ni kiasi gani cha kukaza, na namna ya kuizuia mikeka isijikunje pembeni, nimejaribu kuyaeleza kwa maneno na nimeshindwa. Video nazo hazionyeshi nguvu ya mkono. Ukishakuwa na pima kumi za ukili ulionyooka, mtafute mshonaji ukakae naye siku mbili tatu. Hapo ndipo mafunzo mafupi yana thamani kubwa kuliko mahali pengine popote, kwa sababu utakuwa umekuja na mikono iliyokwisha kuzoea na swali lililo wazi. Huhitaji taasisi. Waulize wauza mikeka wa Darajani, Unguja, au wale wanaokuja Dar wakati wa Sabasaba mwezi Julai: hii ameshona nani? Muuzaji mzuri anamjua. Ukienda kwake, mlipe siku yake. Usimwombe akufundishe bure kwa sababu ni bibi wa kijijini. Ujuzi wake ndio mtaji wake. Na kama una ndugu wa bibi yako waliobaki Pemba, anza kwao kabla ya kwa mtu mwingine yeyote.

Sasa ule mkeka wa bibi. Usiufumue ili ujifunze, nakuomba. Ugeuze nyuma, uutandaze penye mwanga, na utafute sehemu ambapo chane imeongezwa: utaona ncha fupi zimelala chini ya nyingine, zimekatwa kwa makasi. Angalia ameziongeza kila baada ya umbali gani, na kama aliongeza katikati au pembeni. Kisha chukua ukili mmoja, uupime upana kwa kitambaa cha kupimia, na ufuate mstari mmoja toka ukingo hadi ukingo ukihesabu chane zinazolala kulia, halafu zinazolala kushoto. Ukikosea hesabu mara ya kwanza, rudia ukiwa na miwani. Andika namba hizo kwenye karatasi, na Jumamosi ya kwanza mwonyeshe mwalimu kabla hajakugawia chane, umwombe akuanzishie na idadi ya bibi yako.